Kaza nati za wishboni gari likiwa chini

Mkuu, umesema gari lako la MGB la 1972 limenyanyuka mbele tangu fundi abadilishe bushi (vipande vya mpira vya kwenye maungio) za wishboni, ile mikono inayoshika magurudumu ya mbele. Usikate springi ili kulishusha! Nadhani nati zilikazwa gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia. Bushi ya mpira haikusudiwi kuzunguka kwenye pini yake, hujisokota tu. Ikibanwa wishboni ikiwa imeshuka, gari likitua mpira unakuwa tayari umejipinda: unalisukuma juu, na baada ya muda unachanika.

Legeza nati za ndani za wishboni za chini, teremsha gari, libonyeze mbele mara kadhaa, lisukume mita chache, ndipo ukaze uzito wote ukiwa kwenye matairi. Bushi zilizochanika tupa. (Bushi za plastiki ngumu? Barabarani mimi sizitaki, zinatikisa meno.)