Laki tatu yako usimpe muuza sarafu: nilivyokusanya kumbukumbu za Dar kwa miaka mingi

Mkuu mleta mada, umeuliza hivi: una laki tatu, umeonyeshwa Kariakoo sarafu ya dhahabu ya Mjerumani yenye tembo, muuzaji anakuapia kuwa hiyo ndiyo historia ya Dar es Salaam, na wewe unataka kuanza kukusanya vitu vya zamani vya mji wetu. Je, uanzie hapo? Mimi nimeanza kazi hii mwaka 1994, na swali lako limenigusa, kwa hiyo univumilie nikujibu kwa kirefu.

Sarafu hiyo iache. Rupia 15 ya mwaka 1916, tembo upande mmoja na tai upande wa pili, ikiwa ya kweli inauzwa kwa mamilioni. Ya laki tatu ni shaba iliyong'arishwa. Na hata ungeipata ya kweli, isingekuambia mengi kuhusu Dar. Ilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari na sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Septemba mwaka huohuo Waingereza wakaingia Dar. Ni kitu kizuri sana, lakini ni hadithi ya Tabora na ya vita. Kama roho inakuuma kwa sarafu, tafuta heller moja, ile sarafu ndogo ya shaba ya Mjerumani, au senti kumi ya Mwingereza yenye tundu katikati. Utaipata kwa bei ya chakula cha mchana.

Sasa nikueleze mimi nilianzaje. Nilikuwa nimesimama Kariakoo jioni, nimenunua karanga. Muuzaji alizifunga kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, kama walivyokuwa wakifanya wote. Nilipomaliza karanga nikaifungua ile karatasi, sijui kwa nini. Ilikuwa ankara ya duka la vipuri vya baiskeli: tairi moja, mnyororo mmoja, spoku kumi na mbili, jumla Shs 14/50, mwaka 1962. Juu kulikuwa kumechapwa "Kichwele Street". Neno Kichwele lilikuwa limekatwa kwa kalamu ya wino, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake mtu ameandika kwa mkono "Uhuru".

Nilisimama pale nikiitazama mpaka giza likaingia. Mtaa ulikuwa umebadilishwa jina baada ya Uhuru, na mwenye duka hakutaka kutupa kitabu kizima cha ankara ambacho alikwisha kukilipia. Akachukua kalamu, akaanza kukata karatasi moja baada ya nyingine. Niliona mkono wa mtu ukiibadilisha nchi kwa wino, kwenye ankara ya mnyororo wa baiskeli. Sherehe zote za Desemba 1961 nilizosoma shuleni hazikuwahi kunifikia karibu namna ile. Nilirudi kwa yule kijana wa karanga, nikanunua karatasi zake zote zilizobaki. Alidhani nina wazimu, lakini aliniuzia.

Tangu siku hiyo ninatafuta zaidi vitu ambavyo havikutengenezwa vitunzwe. Risiti, tiketi, kadi za mgawo wa maduka ya kaya, bahasha, kalenda za maduka, matangazo ya dansi. Sanamu na sarafu aliyezitengeneza alijua anaacha kumbukumbu, na alichagua akukumbushe nini. Mwandika risiti alikuwa anauza spoku tu, ndiyo maana ninamwamini.

Nikupe mfano mwingine ninaoupenda kuliko vyote nilivyonavyo. Mama mmoja, jirani wa shangazi yangu Upanga, alinipa risiti mbili za kodi ya nyumba. Ya kwanza ni ya mapema mwaka 1971, imeandikwa kwa mwandiko wa mwenye nyumba mwenyewe. Ya pili ni ya mwishoni mwa mwaka huohuo, na juu yake pamechapwa "Msajili wa Majumba". Nyumba ni ileile, namba ya chumba ni ileile. Katikati ya karatasi hizo mbili ilipita sheria ya Aprili 1971, iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Wengi wa waliokuwa na majengo hayo walikuwa Waasia, na wengi wao waliondoka nchini miaka iliyofuata. Mama yule aliniambia kuwa mwenye nyumba alikuja kuaga, akakaa sebuleni akanywa chai, na hakuna aliyejua aseme nini. Niliyaandika maneno yake siku hiyohiyo. Bila maneno hayo, mkononi ningekuwa na risiti mbili tu za kodi.

Hapo ndipo penyewe, mkuu. Kitu ni nusu, nusu ya pili ni alichosema aliyekupa. Andika jina la mtaa alikokipata, alikuwa anakitumiaje, kilikaa wapi ndani ya nyumba. Andika siku hiyohiyo, usiseme utakumbuka.

Hili nimelilipia. Desemba 2011, yale mafuriko makubwa, nilikuwa ninaishi Kigogo bondeni. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda. Maji yaliingia usiku, tukatoka na watoto, na nilipoingia tena nyumbani kila kitu kilikuwa kimegeuka uji wa karatasi na tope. Tiketi za mabasi ya UDA, tiketi za sinema za Empire na Avalon, kadi za mwaliko wa harusi za miaka ya sitini. Daftari langu lilisalimika kwa sababu lilikuwa kazini. Vitu nilivyokuwa nimeviandikia bado ninavyo kwa namna fulani: nani alikwenda Avalon na nani, walirudi kwa miguu mpaka Ilala, tiketi ilikaa miaka thelathini ndani ya Msahafu. Vile ambavyo sikuviandikia vimekufa kabisa. Vingine hata siwezi kukumbuka kama niliwahi kuwa navyo. Inaniuma mpaka leo.

Kuhusu kujua umri wa kitu kisicho na tarehe, majina ndiyo yatakayokusaidia. Karatasi ya serikali ikiitaja nchi kuwa "Tanganyika" peke yake, karibu hakika ilichapwa kabla ya Aprili 1964. Ikisema "Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar", ishike kwa mikono miwili, maana jina hilo lilidumu miezi sita tu, kuanzia 26 Aprili mpaka mwisho wa Oktoba 1964 lilipokuja jina la Tanzania. Mji nao unajitaja: Dar ilipata umanispaa mwaka 1949 na ujiji mwaka 1961. Halafu halmashauri ya jiji ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, ikarudishwa 1978. Mitaa vilevile. Acacia Avenue ikawa Independence Avenue, kisha Samora. New Street ikawa Lumumba. Pugu Road ikawa Barabara ya Nyerere. Lakini uwe mwangalifu hapa, wengi wanakosea: jina la zamani halifi siku jipya linapotangazwa. Watu waliendelea kutumia karatasi na mihuri yao mpaka iishe. Jina la mtaa linakuambia kitu hakiwezi kuwa kabla ya lini. Halikuambii hakiwezi kuwa baada ya lini. Wazee wengine mpaka leo wanaiita Sanamu ya Askari "Bismini", yaani Wissmann, gavana wa Mjerumani, na sanamu ya Wissmann iliondolewa mjini zamani za Vita vya Kwanza. Ya Askari yenyewe imesimama tangu 1927.

Wapi pa kupata? Anza nyumbani. Mwombe bibi akufungulie sanduku, ukae naye asubuhi nzima, usiwe na haraka ya kuchukua kitu. Kanga hazina tarehe, ila yeye anajua ile aliivaa kwenye msiba wa nani. Kisha wauza vitabu vya zamani wa Posta, wanaouza magazeti kwa kilo, na vijana wa vyuma chakavu Gerezani. Waachie namba yako ya simu, waambie unataka nini, na wakikupigia nenda, hata kama safari hiyo hakuna kitu. Mimi niliokota kurasa za gazeti la zamani la Ngurumo kwenye rundo la kilo, na matangazo ya dansi ndani yake yamenifundisha kumbi za mji huu kuliko kitabu chochote.

Kuna mambo mawili ambayo sitaki uyafanye. Usinunue mlango wa kuchongwa wa zamani uliong'olewa. Milango hiyo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kila unaponunua mmoja unamlipa mtu akang'oe mwingine. La pili, usinunue mafaili ya ofisi. Niliwahi kuletewa faili zima la ramani za viwanja, bado lina mhuri wa masjala, na aliyelileta alitaka elfu hamsini. Nilitamani sana kuliona, nisikufiche. Nilimwambia alirudishe alikolitoa, au nimsindikize Nyaraka za Taifa kule Upanga. Hakurudi. Faili likitoka masjala, kuna mtu atakuja kutafuta haki ya kiwanja cha baba yake na hataikuta.

Utunzaji ni rahisi. Karatasi usiitie laminesheni wala selotepu, inakufa humo ndani. Weka kwenye bahasha safi, andika kwa penseli nyuma ya bahasha na siyo juu ya kitu chenyewe. Sarafu usiisugue kwa ndimu na majivu. Sanduku likae juu, mbali na ukuta wenye unyevu, na ulikague kwa mchwa kila mwezi. Piga picha kila kitu, mbele na nyuma, ukazihifadhi mahali pengine. Laki tatu yako inatosha bahasha, madaftari, nauli za miezi kadhaa na soda za wazee utakaozungumza nao, na bado itabaki.

Mwisho nina ombi kwako na kwa wote wanaosoma. Tangu mafuriko yale ninatafuta tiketi ya DMT, mabasi yaliyokuwa yakibeba watu wa Dar kabla UDA haijaanzishwa mwaka 1974. Niliyokuwa nayo ilikwenda na maji. Kama kuna mzee kwenu anayo ndani ya kitabu au pochi ya zamani, sihitaji aniuzie. Naomba uipige picha tiketi hiyo, mbele na nyuma, na umuulize mzee siku ile alikuwa anakwenda wapi.