Nyumba ya kijani, mbona haitaki kuguswa?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tulijenga nyumba ya kijani, yaani ya kubana matumizi ya umeme, kuta za paneli zenye foamu ndani, madirisha hayafunguki hata moja, hewa inaletwa na mashine, na bili ya umeme kweli ilishuka. Sasa mama anahamia kwetu, ngazi haziwezi, nataka nitoboe ukuta wa chini apate mlango wake na kachumba pembeni. Fundi kagoma, eti nikitoboa nimeua mfumo mzima. Hivi hii nyumba ni yangu au ya mashine?

JIBU: Dada, fundi hajakudanganya. Nyumba hizi zinabanwa kwelikweli, kipimo cha Passivhaus (viwango vya Kijerumani vya nyumba zinazokula nishati kidogo) hakitaki hewa ivuje zaidi ya mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa, ikipimwa kwa presha ya paskali 50, kwa hiyo kila tundu linahesabiwa (ila hao wa Passivhaus wenyewe hawajakataza madirisha yafunguke, huo ni ubahili wa aliyewachorea). Mimi ugomvi wangu ni gundi. Paneli imegandishwa kitu kimoja, waya humohumo, bomba humohumo, kimoja kikichoka au maisha yenu yakibadilika inabidi uvunje vyote.

Paris kuna Institut du Monde Arabe, taasisi ya utamaduni wa Kiarabu, jengo la 1987, ukuta wake wa kusini una vidude vya chuma vya kujifungua na kujifumba kufuata jua, uzuri wake usiseme, lakini vingi vilikuja kugoma, na si kitu cha kupanda na nyundo ukarekebisha. Halafu nenda Djenné, Mali, ule msikiti wa udongo wa 1907: kila mwaka watu wanaupaka tope upya, na ile miti iliyochomoza ukutani ndiyo wanayopandia, yaani jengo limezaliwa na ngazi yake! Hilo ndilo naliita jengo hai.

Sasa mlango wa mama. Usitoboe papya, chukua dirisha la chini ambalo juu lina linta (boriti inayobeba ukuta wa juu) tayari, kata chini yake mpaka sakafuni kwa upana uleule, injinia akishakagua. Kingo zizibwe kwa tepu ya kuzuia hewa, kisha pimeni uvujaji upya. Kachumba kasimame kwa nguzo zake, kafungwe kwa bolti. Na humo wekeni dirisha linalofunguka, maana umeme ukikatika ile mashine ya hewa nayo inalala.