Uliza Tukujibu: Naogopa kugusa Wikipedia

SWALI: Sasa mhariri. Mi husoma Wikipedia ya Kiswahili kwa simu nikiwa kwa mathree, na saa zingine naona kitu nataka kurekebisha lakini naogopa nitaharibu ukurasa wote. Kwani lazima uwe mwalimu ama prof?
– Msomaji, Kayole

JIBU: Zii, hakuna anayekuuliza digrii. Na kuharibu kabisa ni ngumu, maana kila toleo la zamani hubaki kwenye Historia na mtu anaweza kulirudisha mara moja. Tuseme umekuta Mbuga ya Taifa ya Nairobi imeandikwa ilifunguliwa 1964 na ni 1946, gusa ile kalamu, badilisha hiyo namba peke yake, weka chanzo, andika kwa ufupi umefanya nini, kama "nimesahihisha mwaka", halafu ndio uchapishe.

Hapo kwa chanzo ndio wengi hukwama. "Kila mtu mtaani anajua" sio chanzo, tafuta kitabu ama gazeti, na kama huna, shuka tao uingie Maktaba ya McMillan. Lakini usikopi aya nzima, hiyo ni mali ya mtu, soma kisha uandike kwa maneno yako. Na tafadhali usibandike tafsiri ya mashine vile imetoka, wenye kuzisafisha ni watu wa kujitolea tu na ni kazi ya punda.

Kuandika makala ya kusifu duka lako ama MCA wenu (mwakilishi wa wadi), wachana nayo. Ukifutiwa, usirudishe kwa hasira, ingia ukurasa wa Majadiliano uulize sababu.