Kijana wa Tanga, safari ya nje inaanzia Kange

Kijana mmoja wa Ngamiani ameniandikia wiki iliyopita: "Kaka, natamani kutembea nchi za watu lakini sina hela ya ndege. Nisubiri mpaka nijipange?" Ujumbe wa namna hii unaniuma kila unapokuja, kwa sababu unatoka kwa mtu anayeishi kilomita 65 hivi kutoka mpakani. Ukitoka stendi ya Kange, ukapita Amboni na Duga Maforoni, umefika Horohoro, na njia yote ni lami. Anayekwenda Korogwe kuzika anasafiri mbali zaidi ya hapo.

Mdogo wangu, usisubiri ndege. Kuna mzunguko mzima wa kuzunguka kwa basi na treni: Tanga, Mombasa, Nairobi, Kampala, Kigali, halafu unarudi nyumbani kwa Rusumo, mpaka wa Rwanda na Tanzania. Hizo ni nchi tatu za nje bila kuomba viza hata moja, maana sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu tarehe 1 Julai 2010. Mwananchi wa Jumuiya anapewa kibali cha mgeni cha hadi miezi sita, bure, palepale dirishani. Wanaokwama wengi hawakwamishwi na nauli. Wanakwamishwa na karatasi, kwa hiyo nitakaa sana hapo.

Anza na pasipoti. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa vitambulisho vyao wao kwa wao, lakini Tanzania haimo katika mpango huo, na usidanganywe na aliyemwona Mkenya akipita na kipande chake. Maombi yanajazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unachapa fomu, kisha unaipeleka mwenyewe ofisi ya Uhamiaji ya mkoa ili uchukuliwe alama za vidole. Ada yote ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na inadumu miaka kumi. Andaa cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja au kiapo, namba ya NIDA, picha ya pasipoti yenye mandhari ya bluu iliyopauka, na karatasi inayoonyesha kwa nini unasafiri, mfano barua ya ndugu anayekualika au leseni ya biashara yako.

Kinachorudisha fomu nyingi kutoka dirishani ni majina. Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha shule, uviweke mezani kimoja kando ya kingine, usome herufi kwa herufi. Kimoja kimeandika Ally, kingine Ali. Kimoja Mwanajuma, kingine Mwajuma. Jina la babu lipo huku, kule halipo. Mtaani hayo ni mambo madogo, dirishani ni watu wawili tofauti. Rekebisha kabla hujalipia kitu chochote: kosa likiwa kwenye cheti, nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, likiwa kwenye kitambulisho, nenda NIDA, na pale inapobidi kiapo cha kuthibitisha jina, kifanye kwa wakili na uweke nakala. Hatua hii ndiyo inayokula muda kuliko zote, kwa hiyo usikate tiketi ya basi huku bado unabishana na jina la babu yako.

Karatasi ya pili ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Watu huidharau hadi wafike Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Chanjo ni moja tu maishani. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limefuta ule utaratibu wa kuirudia kila baada ya miaka kumi. Lakini cheti kinaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Ukichanjwa Ijumaa ukasafiri Jumatatu, una kadi mkononi na bado haijaanza kazi. Uganda wanaidai. Na kumbuka kwamba Tanzania nayo inamdai anayeingia kutoka nchi zenye homa hiyo, Kenya na Uganda zikiwamo, hivyo hata ukibahatika usiulizwe ukienda, unaweza kuulizwa ukirudi kwenu. Ichukue kwenye kituo cha serikali kinachotambulika, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na muhuri uwepo. Kadi za kununua vichochoroni ni hatari kwa afya yako na ni kosa la jinai.

Sasa mpaka wenyewe. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja: unayekwenda Kenya unamalizia kila kitu jengo la upande wa Kenya, na unayerudi unamalizia upande wetu. Ndani kuna madirisha mawili ya kufuatana. La kwanza ni la Uhamiaji wa Tanzania, anakugongea muhuri wa kutoka. La pili ni la Kenya, anakugongea wa kuingia. Watu wanaharakishwa na konda, wanarukia la pili wakiliacha la kwanza, na tatizo linafumuka siku ya kurudi pale kitabu kinapoonyesha uliingia Kenya bila kutoka Tanzania. Kabla hujasogea, fungua ukurasa uliogongwa uusome: tarehe ni ya leo, jina la mpaka linasomeka, muda uliopewa unakutosha. Kama ni mfupi kuliko unavyohitaji, sema hapohapo kwa adabu. Ukishapanda gari, hakuna wa kukusikiliza.

Maswali ya ofisa ni matatu: unakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Usiseme "naenda kuangalia angalia maisha", maana hilo linasikika kama unatafuta kazi, na kibali cha mgeni hakiruhusu kazi. Wala usimlipe mtu yeyote anayejitolea kukuombea kile kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilianza kukidai kwa wageni mwaka 2024. Mtanzania hakimhusu.

Kama umepanda basi la moja kwa moja, shuka na pochi yako na pasipoti yako mkononi mwako. Pasipoti haikai kwa konda. Piga picha namba ya gari, chukua namba ya simu ya konda, uwe miongoni mwa wa kwanza kupanga foleni, kisha uende kwenye ukaguzi wa mizigo. Ukiwa na doti za khanga nyingi mpya zilizofungwa pamoja, forodha watakuona mfanyabiashara, na wana haki. Beba zako za kuvaa na zawadi chache.

Kuna jambo hapa lazima nilisemee. Wadigo wako Mkinga na wako Kwale, ukoo mmoja, na wazee wamekuwa wakivuka kusalimiana tangu mpaka haujawekewa geti. Kutokana na hilo vijana wanaamini njia ya panya ni haki ya kurithi, na boda wa pale mpakani wako tayari kukupitisha kwa hela ndogo. Utavuka, sikatai. Halafu barabara ya kutoka Lunga Lunga kwenda Ukunda ina vizuizi vya polisi, na wewe huna muhuri. Hapo umegeuka mhamiaji haramu katika nchi ambayo ungeingia bure kwa heshima zako zote. Ndugu yangu, usijishushe kiasi hicho.

Fedha. Kwanza jua kiwango cha siku kabla hujatoka Tanga, kwenye duka la kubadilisha fedha au benki, uandike. Tuchukulie shilingi moja ya Kenya ni 20 zetu: laki tatu yako inapaswa kukupa 15,000. Fanya hesabu hiyo kwenye simu yako, si kwenye kikokotoo cha mwenye noti. Wabadilishaji wa mpakani wana mchezo mmoja wa zamani. Anakuhesabia, unahesabu, unakuta imepungua noti moja. Anaomba radhi, anazichukua zote ili aongeze, anaiweka ile iliyopungua juu kwa mbwembwe, na wakati huohuo vidole vinachomoa noti tatu za chini. Ukishazishika usimrudishie, mwambie aongeze iliyopungua, basi. Kataa pia noti ya elfu moja ya Kenya ya toleo la zamani. Ilikoma kutumika tarehe 30 Septemba 2019. Za sasa zina picha ya KICC, lile jengo la mikutano la Nairobi, mbele.

Badilisha za kukufikisha Mombasa tu. Ukifika, sajili laini ya Safaricom kwa pasipoti yako, kisha mtu uliyemwachia akiba nyumbani akutumie kutoka M-Pesa ya Tanzania kwenda kwenye laini hiyo. Wakala wa Kenya hawezi kukutolea hela iliyo kwenye laini yako ya Tanzania, na hapo ndipo wengi hulala njaa na salio wanalo. Fedha taslimu zigawe sehemu tatu: ya matumizi mfukoni, ya akiba mwilini, ya dharura ndani kabisa ya begi.

Kutoka Lunga Lunga matatu zinakwenda hadi Likoni, kwenye kivuko cha kuingia kisiwa cha Mombasa. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, inabeba umati mkubwa, hivyo begi livae mbele. Mombasa kwa mtu wa Tanga ni kama kwenda kwa shangazi, sina mengi ya kukufundisha. Nenda Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha zunguka Mji wa Kale kwa miguu asubuhi kabla ya jua kali.

Kwenda Nairobi, panda treni. Ilizinduliwa Mei 2017, na nauli ya daraja la kawaida imekuwa shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024. Tiketi inakatwa kwa simu na kulipiwa M-Pesa, sababu nyingine ya kusajili laini mapema, na jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na ukaguzi ni wa kweli: mabegi yanapangwa chini, mbwa wanayanusa, kisha mashine. Fika zaidi ya saa moja kabla. Kaa dirishani, treni inakata Tsavo na tembo huonekana. Nairobi treni inashushia nje ya jiji. Kuna treni ndogo ya kuunganisha hadi katikati. Na beba koti. Sisi watu wa pwani hatujui baridi, na Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Juni hadi Agosti utatetemeka usiku kucha na kishuka chako cha Tanga.

Nairobi hadi Kampala ni basi la usiku kupitia Busia au Malaba. Hapo ndipo kadi ya njano inapotolewa mfukoni. Kampala Kiswahili hakikufikishi kila mahali kama Mombasa, kwa hiyo Kiingereza chako cha shule kitafanya kazi. Bei ya boda ipatane kabla hujapanda.

Rwanda ndiyo nchi inayobadilisha mambo mengi kwa mpigo, na ukitoka Kampala unaingilia mpaka wa Gatuna. Magari yanapita kulia. Ukivuka barabara angalia kushoto kwanza, maana macho yamezoea kinyume. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja: Tanga ikiwa saa mbili asubuhi, Kigali ni saa moja. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe, saa ya mkononi haijirekebishi, na basi halikusubiri. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, hivyo viatu vyako vifunge kwa kitambaa au karatasi tangu nyumbani. Abiria wa pikipiki anavaa helmeti, anapewa na dereva. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya mviringo, kwa hiyo nunua adapta mapema. Na Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuna Umuganda, kazi za kijamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi: maduka yanafungwa, usafiri unasimama. Usipange kuondoka Kigali asubuhi hiyo.

Wapo watakaokuambia unachezea hela, kwamba safari ni za Wazungu wanaokuja na mabegi mgongoni. Maneno hayo yamewafungia vijana wengi barazani, na yananikera mpaka leo. Afrika Mashariki hii ni yako kwa sheria, imesainiwa na serikali yako, na mgeni anayelipia viza anaijua kuliko wewe. Toka uione. Usitoke kwa kukopa, usitoke kwa kumdanganya mama, na usitoke bila nauli ya kurudi iliyotengwa pembeni isiyoguswa.

Kurudi kwa Rusumo, madirisha yote mawili yako upande wa Tanzania, na mfuatano ni uleule: Rwanda ikutoe kwanza, Tanzania ikupokee. Kadi ya njano iwe juu. Begi likague mwenyewe usiku wa kuamkia safari, kila mfuko, hasa kama umesafiri na wenzako. Mirungi inauzwa hadharani Mombasa na Nairobi, Tanzania ni dawa ya kulevya chini ya sheria ya mwaka 2015, na "nilisahau" haimtoi mtu kituoni. Usikubali kumbebea mzigo mtu uliyejuana naye ndani ya basi. Faranga zilizobaki zimalizie Rusumo kabla hujapanda gari la Kahama, maana Tanga hakuna muuza chapati atakayezipokea.