Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Mzee Turski Alianza na Mabenchi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Warsaw imenifikia. Unauliza kwa nini mzee Marian Turski, Myahudi aliyetolewa gheto la Łódź (mtaa wa Poland walikofungiwa Wayahudi) mwaka 1944 akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, walikouawa baba yake na mdogo wake, kisha yeye mwenyewe akaswagwa kwa miguu katika baridi kali ya Januari 1945, hakuyapa matanuri ya kuchomea maiti nafasi kubwa alipohutubia pale kambini tarehe 27 Januari 2020, akachagua kuzungumzia mabenchi.

Nadhani aliona kwamba matanuri tayari yanajulikana. Aliwarudisha wasikilizaji hadi Berlin ya miaka ya 1930, katika mtaa wa watu waliosoma, ambako lilitokea tangazo la kuwakataza Wayahudi kukaa kwenye mabenchi fulani; mtu akajisemea kuwa si haki, ila mabenchi mengine yapo. Likafuata bwawa la kuogelea, zikafuata kwaya, hata wakapangiwa saa za kununua mkate, na kila katazo likawakuta watu wamekwisha kulizoea lililotangulia. Alisisitiza kwamba waliozoea ni wote: watesi, watazamaji, na hata wateswa wenyewe. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa kuwa ingekuwa rahisi kwake, tena angeeleweka, kuwalaumu Wajerumani peke yao na kuishia hapo.

Unasema pia kwamba amri ya kumi na moja aliyoirudia, ile ya rafiki yake Roman Kent inayokataza mtu kutojali, ni maneno mepesi. Yangekuwa mepesi kinywani mwa mtu mwingine. Huyu, mwaka 1965, alipokuwa Marekani kwa masomo, aliungana na maandamano ya Martin Luther King kutoka Selma hadi Montgomery, kudai haki ya watu weusi kupiga kura, jambo ambalo hakuna aliyemtuma wala kumdai. Na mwaka ule wa 2020 alisema waziwazi kwamba anazungumza na binti yake na wajukuu wake, akiwataka wasinyamaze haki za wachache zinapovunjwa.

Alifariki Februari 2025, akiwa na miaka 98. Kwa kuwa uko huko huko, nenda Makumbusho ya POLIN, yale ya historia ya Wayahudi wa Poland, ambayo baraza lake aliliongoza, kisha uniandikie kama bado unaona alikosea kuanza na mabenchi.

Baba yako