Kwa nini dawa za TB hupiga ukuta wa kimelea: maswali yenu

Nilikohoa wiki tatu, nikameza amoksilini bila nafuu. Makohozi yalipopimwa ikaonekana TB. Amoksilini ilishindwaje?

Amoksilini huua bakteria kwa kuzuia vimeng'enya vinavyofunga mafundo ya wavu wa ukuta wao, uitwao peptidoglikani. Kimelea cha TB kina wavu huohuo, ila kinatoa kimeng'enya BlaC kinachoikatakata amoksilini kabla haijafika. Isitoshe, mafundo yake mengi hufungwa na vimeng'enya vya aina nyingine, ambavyo amoksilini haivishiki vizuri. Juu ya wavu kuna tabaka la sukari, arabinogalaktani, na juu yake asidi za mikoliki, mafuta mazito kama nta. Nta hiyo ndiyo inayong'ang'ania rangi nyekundu ya maabara hata kioo kikioshwa kwa asidi. Kikohozi kikifika wiki mbili, peleka makohozi yapimwe. Usianze kopo la pili la amoksilini.

Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, basi inapenyaje?

Ni molekuli ndogo, hupita. Lakini inaingia ikiwa haina makali, na anayeinoa ni kimelea chenyewe. Kina kimeng'enya KatG, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuvunja sumu ya peroksidi. KatG ikiigusa isoniazidi, inaigeuza kuwa kipande kikali kinachojishikiza kwenye NAD, molekuli saidizi ya kimelea, na muungano huo unaziba kimeng'enya InhA. InhA ndicho kinachorefusha minyororo ya mafuta ya kutengenezea asidi za mikoliki. Kimelea kinachojaribu kukua bila mafuta hayo hukosa ukuta, kikafa.

Angalia neno "kukua". Kimelea cha TB hugawanyika takriban mara moja kwa saa 20, na vingine hulala kabisa. Kilicholala hakijengi ukuta, kwa hiyo isoniazidi haikiumizi sana. Ndiyo maana kuna rifampisini na pirazinamaidi, ambazo hazitegemei ujenzi wa ukuta, na ndiyo maana tiba ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya rifampisini na isoniazidi. Anayeacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimeisha anawaachia nafasi hao waliolala.

GeneXpert imesema rifampisini inafanya kazi. Na isoniazidi pia?

Haijulikani bado: kipimo cha kawaida cha GeneXpert hakiangalii isoniazidi. Usugu wake hutokea hasa kwa njia mbili. Jeni ya katG ikiharibika, mara nyingi kwenye nafasi ya 315, hakuna wa kuinoa dawa, na usugu huwa mkubwa. Au kimelea kinazidisha InhA kupita kiasi cha dawa. Usugu huo huwa mdogo zaidi, ila unaikata makali pia ethionamidi, dawa nyingine ya TB, kwani nayo inalenga InhA. Ikiwa mwisho wa mwezi wa pili makohozi bado yana vimelea, uliza kama sampuli yako imepimwa usugu wa isoniazidi.

Tangu nianze dawa, nyekundu na kijani naziona kama rangi moja. Ni uchovu?

Usisubiri. Nenda kliniki leo hii, na useme wazi kwamba ni macho. Ethambutoli, mojawapo ya zile dawa nne, huzuia vimeng'enya vya Emb vinavyojenga lile tabaka la sukari, lakini inaweza pia kuumiza mshipa wa fahamu wa jicho. Ikigundulika mapema na kusimamishwa, uoni mara nyingi hurudi. Hatari huongezeka dozi ikizidi au figo zikiwa dhaifu. Dozi ya kawaida ni miligramu 15 hadi 20 kwa kilo: mtu wa kilo 50 anayemeza vidonge vitatu vya mseto, kila kimoja chenye miligramu 275 za ethambutoli, anapata 825, kiasi sahihi. Uzito hubadilika, kwa hiyo mpimwe kila mnapofuata dawa.

Nameza na chai na chapati. Vibaya?

Chakula hupunguza isoniazidi inayoingia kwenye damu. Meza saa moja kabla ya kula au saa mbili baada. Kichefuchefu kikikushinda, kula kidogo na umeze; hiyo ni afadhali kuliko kuruka dozi. Dawa ya kiungulia yenye aluminiamu iache mbali kwa saa nne, kwani huzuia ethambutoli.

Miguu inachoma na kufa ganzi.

Isoniazidi humaliza vitamini B6 mwilini. Mwambie mhudumu akupe piridoksini, yaani vidonge vya B6, hasa ukiwa mjamzito, una kisukari, unaishi na VVU au unakunywa pombe.