Maswali ya Wasomaji: Kabati Lililopungua Sentimita 16

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Morogoro. Wateja wa makabati ya jikoni siku hizi hawatoi kianzio mpaka waone mchoro, kwa hiyo nimejifunza kuchora kwa programu ya Krita kwenye kishikwambi. Juzi nilichora ukuta wa mita 3.60, kimo mita 2.40, kwa skeli ya 1:20, yaani milimita moja ya karatasi ni milimita 20 za ukutani. Picha nikaituma stationari kwa WhatsApp, wakanichapia kwenye A4. Kijana wangu akapima karatasi kwa rula, akapata milimita 172 mahali palipotakiwa 180. Akazidisha, akakata mbao za mita 3.44. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sawa. Tatizo liko wapi? Na je, naweza kupiga picha ya ukuta kwa simu nichore juu yake?
Seremala, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara. Usimgombeze kijana. 172 mara 20 ni 3440, hesabu yake ni sahihi. Karatasi ndiyo iliyomdanganya.

Kabla ya yote, ichukue ile karatasi upime na kimo. Kwa 1:20, mita 2.40 inatakiwa kuwa milimita 120. Ukikuta karibu 115, mchoro umepungua kwa kiasi kilekile pande zote mbili, basi ujue umepunguzwa wakati wa kuchapa. Ukikuta kimo bado ni 120 ilhali urefu ni 172, basi mchoro ulivutwa upande mmoja ndani ya programu, labda kwa vidole wakati unausogeza. Makosa hayo mawili hayana dawa moja, ndiyo maana nasisitiza upime pande zote mbili.

Kwa maelezo yako, mimi natilia shaka safari ya kutoka kwenye kishikwambi hadi kwenye printa. WhatsApp ikipokea picha huipunguza pikseli, vile vinukta vinavyoiunda, ili iwe nyepesi, na ile taarifa ya pikseli ngapi zinaingia kwenye inchi moja hupotea njiani. Kompyuta ya stationari ikabaki kukisia ukubwa. Juu ya hapo, printa nyingi hazifiki ukingoni mwa karatasi, na programu ya kuchapia huubana mchoro wote uenee kwenye sehemu inayochapika. Nani angegundua kwa macho? Mchoro uliopungua asilimia nne unapendeza vilevile.

Sasa nikupe njia ninayowafundisha vijana wangu. Unapofungua ukurasa mpya kwenye Krita, usiache namba zilizopo. Weka pikseli 254 kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kila milimita ya karatasi inapata pikseli 10 kamili, bila desimali. A4 ya kulala inakuwa pikseli 2970 kwa 2100. Kwa skeli ya 1:20, pikseli moja ni milimita 2 za ukutani. Kuanzia hapo kazi yako ni kugawa kwa mbili tu: ukuta wa milimita 3600 ni pikseli 1800, kimo cha 2400 ni pikseli 1200, meza ya jiko ya sentimita 90 ni pikseli 450, mlango wa kabati wa sentimita 45 ni pikseli 225. Napenda sana hesabu hii kwa sababu fundi anaifanya kichwani huku kalamu iko mkononi.

Washa gridi, uiwekee nafasi ya pikseli 50, yaani sentimita 10 za ukutani. Maboksi usiyachore kwa mkono; kifaa cha mstatili kinakubali uandike upana na kimo kwa namba. Halafu kagua kwa kifaa cha kupimia. Ukiishiwa nafasi, ongeza turubai, yaani eneo la kuchorea, usikuze picha yenyewe, kwani ukikuza picha pikseli zako zote zinapoteza maana.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: unene wa mstari. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18 kwa skeli hii ni pikseli 9. Ukichora kwa brashi ya pikseli 8, mstari wako mmoja umekaribia kuwa ubao mzima! Kabati lenye migawanyo mitano litakula nafasi ambayo hukuipanga. Tumia mstari wa pikseli 2, na uamue tangu mwanzo kwamba kipimo kinahesabiwa kwenye ukingo wa nje wa mstari. Usibadilishe uamuzi huo katikati ya mchoro.

Chini ya mchoro chora mstari wa pikseli 500, uandike "mita 1". Karatasi ikitoka, uweke kwenye rula: usipokuwa milimita 50 kamili, rudisha karatasi hapohapo kaunta kabla hujalipa. Faili nalo litume kama hati, si kama picha. Afadhali zaidi uhifadhi picha yako kama PNG, uiweke kwenye ukurasa wa A4 ya kulala ndani ya programu ya LibreOffice, kwa upana wa milimita 297, utoe faili la PDF. Mwambie anayechapa achague ukubwa halisi, asilimia 100. Kingo zitakatika kidogo, kwa hiyo acha angalau sentimita moja tupu kila upande.

Na hata ukifanya hayo yote, andika vipimo kwa tarakimu juu ya mchoro, kwa milimita. Kijana wako akate kwa kufuata tarakimu. Rula juu ya karatasi ni ya kukagua tu, isitumike kukatia mbao. Hili nalishikilia kwa moyo wote, maana ubao uliokatwa mfupi haurudi.

Kuhusu picha ya simu: inafaa kumwonyesha mteja sura ya kabati, haifai kutoa vipimo. Ukisimama pembeni kidogo tu, upande wa mbali wa ukuta unakuwa mfupi kuliko wa karibu, na lenzi pana ya simu hupinda mistari ya kingoni. Ukilazimika, simama katikati, mbali, simu ikiwa wima, na bandika ukutani kitu unachojua urefu wake. Kiwe kwenye ukuta wenyewe. Ndoo iliyo mita moja mbele yake itakupa skeli ya uongo. Kisha rudi na futi ya chuma upime.

Mwalimu, ninajifunza kuchonga nakshi, niko Lamu. Nachora kwenye programu ya Concepts maua ya mwimo wa mlango, nataka niibandike karatasi juu ya ubao wa mbambakofi nichonge moja kwa moja. Nikikuza kwa vidole sijui tena ukubwa wa kweli.
Mwanafunzi, Lamu

Binti yangu, kukuza kwa vidole kunasogeza jicho lako tu, ua halibadiliki. Concepts huhifadhi mistari kwa hesabu, si kwa pikseli, na ina sehemu ya kuweka skeli: weka 1:1, kipimo milimita. Mwimo wa mita mbili hauingii kwenye A4, lakini nakshi zako zinajirudia, kwa hiyo chora mrudio mmoja, tuseme wa sentimita 24, uuchape kwa asilimia 100 nakala kadhaa na kuziunganisha. Weka alama ya msalaba kila mwisho ili nakala zikutane sawasawa. Usibandike kwa gundi ya maji. Karatasi ikilowa hutanuka, na ukifika ua la nane utakuwa umeshapitiliza. Selotepu ya pembeni inatosha.